Nauli ya Bukoba: Kutoka Mitumbwi ya Ihangiro Hadi Maili za Ndege

Mtu anayetoka Muleba kwenda Roma, Dubai au Guangzhou hulipa nauli mbili. Ya kwanza inamtoa nyumbani hadi kwenye uwanja ambako ndege kubwa hutua. Ya pili ndiyo inayompeleka alikokusudia. Wanaoandika juu ya kuizunguka dunia kwa bei nafuu huishughulikia hii ya pili tu, kwa sababu wengi wao wanaishi London au Chicago, na uwanja wa ndege wanaufikia kwa treni ya mjini. Kwa watu wa Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, ile nauli ya kwanza ndiyo iliyotawala maisha ya safari kwa zaidi ya miaka mia moja, na mtu asiyeijua historia yake hawezi kuelewa kwa nini maili za bure za mashirika ya ndege zinafika Bukoba kwa kuchelewa na kwa njia ya kuzunguka.

Chukua ramani uitazame. Kwa mstari wa angani Bukoba iko kama kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ilhali Mwanza, Entebbe na Kigali kila mmoja uko umbali wa kama kilomita 200 au pungufu. Mji uko pembeni kabisa mwa nchi yake, lakini uko katikati ya Maziwa Makuu. Tangu zamani watu wake wamekuwa wakitokea upande wa Ziwa Victoria na upande wa Uganda kabla ya kutokea upande wa pwani.

Kabla ya Wazungu, safari katika falme za Bahaya haikuwa na nauli. Mfanyabiashara aliyebeba kahawa ya kutafuna kutoka Kiziba au Ihangiro kwenda Buganda alihitaji mtumbwi, wapiga makasia, na zaidi ya yote alihitaji mahali pa kulala na mtu wa kumtetea ugenini. Hapo ndipo omukago, undugu wa damu, ulipofanya kazi yake. Watu wawili waliokula kiapo hicho walidaiana ukarimu maisha yao yote, na deni lile lilirithiwa na nyumba zao. Aliyemkaribisha mgeni mwaka huu alikuwa amejiwekea akiba ya kukaribishwa mwaka ujao. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mbele tutaona kwamba kila kipindi cha safari za watu wa Bukoba kilikuwa na akiba yake ya namna hii, na aliyekosa akiba alilipa bei kamili au alibaki nyumbani.

Msafiri wa kwanza kufika ziwani hapa na safari iliyolipiwa na kampuni za mbali alikuwa Henry Morton Stanley. Gharama zake zilibebwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la Uingereza. Aprili 1875, akilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, alifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko katika wilaya ya Muleba, akitafuta chakula. Wenyeji waliichukulia mashua ile kuwa ya hatari, wakamnyang'anya makasia. Stanley alitoroka kwa kufyatua risasi. Agosti mwaka huo huo alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akasimama mbali na ufuko ambako mikuki na mishale haikumfikia, akawapiga risasi watu wa Bumbire na kuua makumi. Habari aliziandika mwenyewe, na hata Uingereza walitokea watu waliomlaani. Hatuwezi kuisimulia historia ya safari katika ziwa hili bila kutaja ni akina nani waliolipa gharama ya safari ile.

Miaka kumi na mitano baadaye Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani baada ya kutoka Sudani, aliondoka Bagamoyo mwezi Aprili 1890. Akapita Tabora na Mwanza, na Novemba akaanzisha kituo cha kijeshi kilichokuja kuwa mji wa Bukoba. Huo ndio ulikuwa urefu wa nauli ya kwanza wakati huo: zaidi ya nusu mwaka kwa miguu na kwa mashua, na wapagazi wakibeba kila kitu.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka upande wa Wajerumani. Desemba 1901 reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika ziwani mahali panapoitwa Kisumu sasa. Meli za mvuke zililetwa vipande vipande na kuungwa hapo hapo ziwani: William Mackinnon, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill, zote kabla ya 1910. Ghafla Bukoba, mji wa Wajerumani, ukawa na njia ya kwenda baharini inayopita katika koloni la Waingereza. Ngozi na kahawa zikapanda meli kwenda Kisumu, zikapanda treni kwenda Mombasa, na pwani ya Tanganyika ikabaki mbali kama zamani. Mwezi Juni 1915, vita vikuu vilipofika ziwani, Waingereza waliitumia njia ile ile. Walipakia askari Kisumu, wakashuka Bukoba tarehe 22, wakakibomoa kituo cha simu ya upepo na kuondoka siku iliyofuata.

Baada ya vita, Bukoba ilipokuwa chini ya Waingereza, tiketi ya meli ya daraja la chini na behewa la daraja la tatu zikawa mlango wa dunia. Kahawa ndiyo iliyolipa. Mkulima wa Kamachumu au Kanyigo aliyeuza magunia yake aliweza kumpeleka mtoto shule Uganda, na seminari ya Rubya huko Ihangiro, iliyoanzishwa 1904, ilikuwa ikiwaandaa vijana kuendelea Katigondo, ng'ambo ya mpaka.

Wapo pia wasafiri ambao historia za ushujaa huwaruka. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 wanawake wengi wa Kihaya walipanda meli kwenda Kisumu, wakaendelea hadi Nairobi, Mombasa na Kampala. Wengine walikuwa wameachika, wengine hawakuzaa, wengine walikimbia ndoa. Mila ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, haikuwapa ardhi. Walipata fedha mijini kwa njia ambazo jamaa zao walizionea aibu, wakazituma nyumbani, wakanunua vibanja kwa majina yao wenyewe. Watawala wa kimila na vyama vya Bahaya mijini walijaribu kuwazuia na kuwarudisha. Mimi nawahesabu miongoni mwa wasafiri hodari waliopata kutoka mkoa huu. Hawakuwa na kanisa, chama wala serikali nyuma yao, na nauli yao waliilipa nzima.

Ndege ya kwanza ya abiria na barua kutoka Ulaya ilipofika upande huu, haikutua Bukoba. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha huduma kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini ilitumia ndege za majini aina ya Short Calcutta, ambazo zilishuka juu ya maji ya ziwa. Januari 1932 njia ikaendelezwa hadi Cape Town. Kwa hiyo Ziwa Victoria lilikuwa kituo cha njia ya dunia wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na uwanja wowote. Abiria wake walikuwa maofisa, matajiri na mifuko ya barua. Mtu wa Bukoba alisikia habari zake tu, na barua yake ikafika London mapema kuliko yeye angeweza kuota kufika.

Waliovuka bahari kutoka Kagera katika miaka ile walivuka kwa akiba ya taasisi, na taasisi kubwa ilikuwa kanisa. Mfano ulio bora ni Laurean Rugambwa. Alizaliwa Bukongo, katika eneo ambalo leo ni Muleba, tarehe 12 Julai 1912. Alisoma Rubya, akaendelea Katigondo, akapewa upadri Desemba 1943. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Februari 1952 alisimikwa uaskofu Rutabo, karibu na nyumbani kwao, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati hizi kupata cheo hicho. Mtoto wa vibanja vya migomba vya Muleba akawa na kiti katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hakuna aliyemuuliza nauli ameipata wapi. Kanisa zima lilikuwa nyuma yake.

Upande wa Walutheri alikuwapo Josiah Kibira, aliyezaliwa karibu na Bukoba mwaka 1925. Alisoma Ujerumani na baadaye Boston, Marekani. Mwaka 1964 alichukua uaskofu kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler, na 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kusafiri. Watu hawa wawili walifungua njia kwa mamia ya mapadri, wachungaji, masista, walimu na wauguzi waliokwenda Ulaya na Marekani kwa tiketi zilizolipwa na parokia na dayosisi za huko. Ukitaka kujua kwa nini Bukoba ina watu wengi waliosoma nje, anzia hapo, kisha utazame kahawa, pamoja na chama cha ushirika cha BNCU kilichoundwa mwaka 1950, ambacho mrithi wake ni KCU ya leo.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ziwa lilipata meli yake bora kuliko zote. RMS Victoria iliundwa Scotland na kiwanda cha Yarrow, ikaletwa kwa vipande hadi Kisumu. Ilikuwa meli ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa kulizunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na kurudi Kisumu. Mtu aliweza kupanda Bukoba na kuzitembelea nchi tatu kwa tiketi za shirika moja, na kutoka Port Bell, Entebbe haikuwa mbali, wala kutoka Kisumu treni ya Nairobi. Sidhani kama nauli ya kwanza ya mtu wa Bukoba imepata kuwa rahisi na ya heshima kuliko miaka ile kumi na mitano.

Njia hiyo ikavunjika. Mapema 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Tanzania iliunda shirika lake la ndege mwezi Machi mwaka huo. Meli ya Victoria ilibaki Tanzania, na mzunguko wa ziwa ukaisha.

Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1978, huko Washington, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa mamlaka ya serikali ya Marekani kupanga nauli na njia za ndege. Siku sita baadaye, tarehe 30 Oktoba, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera kwa nguvu zote, na tarehe 3 Novemba yakalilipua daraja la Kyaka. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, wanakijiji wakakimbilia kusini mwa Mto Kagera. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa kuwa yalitenganisha njia za wasafiri kwa kizazi kizima. Marekani mashirika yaliachiwa kugombania abiria kwa bei, na kutokana na ugomvi huo yakabuni zawadi za kumfunga abiria asihame. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilianzisha mpango wa kuhesabu maili za kila mteja na kumpa safari ya bure zikitimia idadi fulani. United ikaiga ndani ya siku chache, na baadaye karibu dunia nzima ikafuata. Wakati huo huo, mtu wa Bukoba alikuwa akitafuta namna ya kufika Dar es Salaam.

Wengi waliosafiri miaka ya 1990 wanaikumbuka ile njia. Barabara ya katikati ya nchi ilikuwa mbovu kiasi kwamba mabasi ya Dar es Salaam yalikwenda Bukoba kupitia Arusha, Nairobi, Kampala na Mutukula. Mtanzania alitoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mwingine akiwa na hati ya kusafiria mkononi, akavuka Namanga, akavuka mpaka wa Kenya na Uganda, akavuka Mutukula, akabadilisha fedha mara tatu. Wanafunzi wa vyuo walifanya hivyo kila likizo. Kuna uchungu katika hilo ambao hata wanasiasa wetu wameusahau haraka.

Aliyekataa kuzunguka nchi tatu alipanda treni hadi Mwanza, kisha meli. Meli ya usiku ilikuwa MV Bukoba, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Waliokufa ni zaidi ya 800, na wengi wamezikwa Igoma, Mwanza. Orodha ya abiria ilionyesha waliolala vyumba vya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliolipa kidogo zaidi hawakuandikwa popote. Hakuna familia kati ya Bukoba na Muleba isiyojua jina la mtu aliyekuwa ndani ya meli ile, na mpaka leo tarehe hiyo huadhimishwa kwa sala.

Baada ya msiba huo, ndege ikawa kitu ambacho watu walikitaka hata wasipokimudu. Precision Air, iliyoanza kazi 1993, ilileta ndege zake za pangaboi aina ya ATR Bukoba. Air Tanzania, baada ya kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege aina ya Q400, ikaja pia. Uwanja wenyewe umebanwa kati ya ziwa na mji. Umewekewa lami, lakini njia ya kurukia ni fupi, hivyo Airbus na Boeing za Air Tanzania haziwezi kutua. Ndege ndogo ina viti vichache, viti vichache vina bei kubwa, na Desemba, Bahaya wanaporudi nyumbani kwa sikukuu wakati wa senene, bei hupanda tena. Ndiyo maana kuna siku ambapo mtu wa Dar es Salaam angeweza kwenda nchi nyingine kwa fedha ambazo zinamfikisha Bukoba.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliofika kwanza, kwa mitumbwi yao, wakawatoa watu kabla ya vikosi vya uokoaji kujipanga. Watu 24 walinusurika.

Upande wa nchi kavu mambo yametengemaa zaidi. Kituo cha pamoja cha mpakani Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017, na lami inafika pande zote mbili. Meli ya Victoria, iliyosimama kwa miaka kadhaa, ilirudi majini Agosti 2020 baada ya matengenezo makubwa. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na foleni ya kivuko iliyowala abiria wa Muleba saa nyingi ikaisha.

Sasa tuje kwenye maili zenyewe, maana zimefika, ingawa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2010 Kenya Airways iliingia muungano wa SkyTeam. Desemba 2011 Ethiopian Airlines ikaingia Star Alliance. Maana yake ni kwamba abiria anayepanda Ethiopian Entebbe kwenda Addis Ababa na kuendelea Washington anaweza kuhesabiwa maili zake katika mpango mmoja, kisha akazitumia kwenye ndege za Lufthansa au United. Ethiopian wana ShebaMiles, Kenya Airways wana Asante Rewards, RwandAir wana Dream Miles, Emirates wana Skywards, na Qatar Airways tangu 2022 wanatumia Avios pamoja na British Airways. Kujiandikisha ni bure. Hakuna hata moja kati ya mashirika hayo linalotua Bukoba, na wala Air Tanzania na Precision hazimo katika miungano mitatu mikubwa. Kwa hiyo maili zinaweza kukutoa Entebbe hadi Ulaya, lakini haziwezi kukutoa Kamachumu hadi Entebbe. Nauli ya kwanza bado ni fedha taslimu.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Watu wanaoizunguka dunia kwa maili hawazipati kwa kuruka. Wengi wao huzipata kwa kadi za mkopo. Mmarekani analipa chakula, mafuta ya gari na kodi ya nyumba kwa kadi ya benki iliyofungamana na shirika la ndege, na kila dola inamwongezea maili. Kadi mpya peke yake, akitimiza masharti, inaweza kumpa maili za kutosha safari ya kuvuka bahari moja. Mkulima wa kahawa wa Muleba analipa kwa noti au kwa simu, na tiketi yake, ikitokea siku akaihitaji, hununuliwa na wakala. Hata kuruka kwenyewe kunahesabiwa kwa namna inayompendelea anayetumia fedha nyingi: Delta na United mwaka 2015, na American mwaka 2016, waliacha kuhesabu umbali wakaanza kuhesabu dola. Katika mashirika mengine ambayo bado yanahesabu umbali, tiketi ya bei ya chini hupewa sehemu tu ya maili. Naliona hili kuwa dhuluma ya kimyakimya. Kiti cha bure cha mwenye kadi kinagharimiwa kwa sehemu na bei anazolipa asiye nayo.

Lakini Bahaya wamekwisha kuwa na jamaa waliotawanyika. Wako Houston, Minnesota, Stockholm, London, Dubai. Hao wana kadi, na hao wana maili zinazolala bila kutumiwa mpaka zinafutwa, kwa sababu mipango mingi huzifuta baada ya miaka michache. Na karibu kila mpango unamruhusu mwenye maili kumkatia tiketi mtu mwingine. Kijana wa Minnesota anaweza kumchukua mama yake kutoka Entebbe hadi Marekani na kumrudisha bila kulipa nauli, akabaki kulipa kodi na ada za uwanja. Huo ndio omukago wa kizazi hiki: akiba ya mtu mmoja inalipia mlango wa mwingine, na haihitaji askofu wala chama cha ushirika kuisimamia.

Inahitaji uangalifu, hata hivyo. Jina kwenye tiketi lazima liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na majina yetu yana mtego: mtoto aliandikishwa Mutalemwa nchi moja, na baba yake ni Mutaremwa nchi nyingine. Linganisha pasipoti kabla ya kubonyeza. Viti vya maili kwenye ndege ni vichache na huisha mapema, hasa Desemba. Anayetaka mzazi aje Krismasi aanze kutafuta Januari au Februari. Anayenunua kwa wakala ampe namba yake ya uanachama wakati wa kununua, na atunze karatasi ya kupandia ndege hadi maili ziandikwe, maana zikikosekana unaweza kuzidai kwa miezi kadhaa tu. Chagua mpango mmoja. Mtu mwenye maili elfu nne katika mipango mitano hana safari yoyote. Na usinunue tiketi ghali ili upate maili. Wanaofanya hivyo huishia kulipa zaidi kuliko jirani yao aliyenunua tiketi ya bei ndogo na kusahau habari ya zawadi.

Kwa msafiri wa Muleba, njia yenye akili mara nyingi haianzi Dar es Salaam. Linganisha bei za Entebbe na za Kigali, ukiongeza gari la kufika huko na usiku mmoja wa kulala, kisha ulinganishe na tiketi ya Bukoba hadi Dar es Salaam na kuendelea. Mara nyingine Dar es Salaam itashinda, hasa ukiwa na mizigo mingi au ukiwa huna hati za kuvuka Mutukula, lakini usiamue kabla ya kuhesabu. Babu zetu walijua kwamba Entebbe iko karibu. Barabara ya leo imeturudisha kwenye ujuzi huo.

Kama uko ng'ambo na una maili, usiziache zife. Mtoe mzazi, shangazi au mdogo wako nje ya nchi mara moja katika maisha yake. Mlipie pia gari la kufika uwanjani, maana maili hazitalilipa. Na popote utakapompangia njia, iwe kwa basi, kwa meli au kwa ndege, mpandishe chombo chenye orodha ya abiria, nafasi yake halali na watu wasiozidi uwezo wake, hata kama nauli yake ni kubwa zaidi.